Mrejesho: Nimechagua Tanga

Wakuu, niliomba ushauri wa kuhama Dar. Kazi yangu naifanyia kwenye intaneti, natafuta mji mdogo wa kuendesha baiskeli kwa amani na kupiga kasia. Mlinitajia Bagamoyo, Mikindani, Pangani na Tanga. Asanteni sana, nimezunguka na nimeamua Tanga.

Bagamoyo iko karibu mno, na magari ya njia ile hayana subira. Mikindani ghuba yake imejificha vizuri, ila mama yuko Mbagala na kule ni zaidi ya kilomita 500.

Tanga ni tambarare, na watu wazima wanakwenda sokoni na kazini kwa baiskeli, kwa hiyo madereva wamezoea kutupisha. Huku Dar, Barabara ya Mandela naendesha roho mkononi! Pale Ngamiani, Tanga, fundi alininyooshea ringi iliyopinda nikiwa nasubiri, akaniongezea na grisi bila kuombwa.

Majini ndiko nilikonogewa. Ghuba imekingwa, kisiwa cha Toten kiko mbele ya macho. Wavuvi wa Raskazone walinisisitizia mambo mawili: niingie alfajiri kabla upepo wa kusi haujashika, na niangalie maji kupwa, nisije nikakwama kwenye matope ya mikoko. Njia ya meli naikwepa.

Pangani, kama kilomita 50 hivi, nitakwenda wikiendi. Mtoni kuna mamba, siingii bila mwenyeji.

Kodi yangu Tabata inaisha mwezi ujao. Anayejua chumba na sebule karibu na Raskazone, tafadhali aniambie.