Kung'oa kabureta za jetiski: zitoke zenyewe au pamoja na manifoldi?

Spana10
Habari wakuu. Injini ni ya mipigo miwili, silinda mbili, kabureta mbili za Mikuni Super BN, vali za riidi (vibamba vyembamba vinavyofunguka kuingiza mchanganyiko kwenye injini). Nataka kuosha kabureta na kubadilisha diaframu (utando wa mpira wa ndani). Boksi la kuzuia moto limeshatoka, ila bolti za chini zinazoshika kabureta kwenye manifoldi (kipande kinachounganisha kabureta na injini) hazifikiwi na spana. Nitoe manifoldi yote au nikazane na hizo bolti? Na mipira (paipu) yote hii naitofautishaje?

KarakanaMaji
Achana na bolti za chini. Fungua zinazoshika manifoldi kwenye injini, toa manifoldi na kabureta zake kwa pamoja, uje uzitenganishe mezani. Ukilazimisha spana kwenye nafasi finyu, kichwa cha bolti kitalika na kazi itakuwa mara mbili. Isitoshe riidi ziko nyuma ya manifoldi, na ni lazima uzitazame.

Kwanza acha kiti wazi kwa muda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya chombo. Toa waya hasi wa betri, legeza kifuniko cha tangi polepole maana ndani huwa na presha, kisha funga koki ya mafuta.

Mipira weka tepu yenye namba kabla ya kuchomoa hata mmoja. Unaotoka kwenye chujio ndio unaoleta petroli. Unaorudi tangini huwa na kitundu chembamba njiani cha kubana mafuta. Ukiichanganya hii miwili, pampu itavuta petroli kupitia kile kitundu: injini itasilensa vizuri, lakini ukifungulia mafuta mengi itakosa petroli na pistoni itaungua. Wa tatu unatoka kwenye kranki kesi (sehemu ya chini ya injini inayobeba kranki) kwenda kwenye pampu ya kabureta. Haubebi petroli, unabeba msukumo wa hewa unaoichezesha diaframu. Ukiwa na ufa, badilisha. Ile myembamba ni ya oili, izibe ncha isiingie hewa.

Waya wa eksileta na wa pampu ya oili upige alama pale nati ilipokaa. Wa oili ukirudi umelegea, injini itapata oili pungufu kwenye mwendo mkubwa.

Manifoldi ikitoka tu, ziba matundu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Washa moja (pete ya bolti) ikidondokea kwenye kranki, injini nzima inafunguliwa.

Nanga_Chini
Nakubaliana, ila mwenye injini ya Rotax ya zamani yenye vali ya kuzunguka, kama 587 au 717, asifuate njia hiyo. Kule kabureta zimekaa kwenye kifuniko cha vali. Ukikitoa, sahani ya vali inaweza kuchomoka kwenye gia yake na taimingi ikapotea. Toa kabureta peke yake, kifuniko ukiache.

Spana10, kabla ya kuchomoa skrubu za kurekebisha mafuta, zifunge taratibu hadi ziguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike kwa kila kabureta. Usizikaze zikifika mwisho, ncha itaharibika. Na kama si lazima, usizitenganishe kabureta mbili kutoka kwenye bamba linaloziunganisha; vipepeo vyake (vibamba vinavyopitisha hewa) lazima vifunguke kwa wakati mmoja. Ndani ya kabureta kuna kichujio kidogo cha wavu, wengi hukisahau.

Spana10
Asanteni sana. Riidi nizikagueje? Gasketi za zamani nikizipaka silikoni zitafaa?

KarakanaMaji
Silikoni hapana kabisa. Petroli inailainisha, vipande vinaingia kwenye injini. Weka gasketi mpya, na uso wa alumini ukwangue kwa plastiki au shaba nyeupe, usitumie kisu cha chuma. Mkwaruzo mmoja unatosha kuvuta hewa, na hewa ya ziada hufanya mchanganyiko uwe na petroli kidogo. Silinda hiyo ndiyo itakayoungua.

Riidi zishike kwenye mwanga. Zilale bapa bila kuacha nafasi, pembe zisiwe zimemeguka wala kupasuka. Kipande kikikosekana, kitafute kabla ya kufunga chochote.

Bolti za manifoldi kaza kwa awamu mbili, ukianzia katikati na kuvuka upande hadi upande, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako. Za boksi la kuzuia moto zipake Loctite ya buluu (gundi ya kuzuia bolti kulegea); mtikisiko huzilegeza, na ikidondoka moja inamezwa na kabureta.

Nanga_Chini
Ukimaliza, toa hewa kwenye pampu ya oili: legeza skrubu yake mpaka mapovu yaishe. Tangi la kwanza changanya oili 50:1, yaani ml 200 kwa lita 10 za petroli, mpaka uhakikishe oili inafika. Ukiijaribu nchi kavu kwa mpira wa maji, washa injini kwanza ndipo ufungulie maji. Ukimaliza, funga maji kwanza ndipo uzime, la sivyo maji yatapanda kwenye silinda kupitia ekzosi.