Toyota 110 haivuti na yapiga mishindo, nianzie wapi?

dereva_mambrui
Asalam aleykum nduzangu. Nna Toyota 110 injini ya 5A, ile ya distributa, kile kifaa cha kugawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Asubuhi yawaka vizuri tu na ikisimama yanguruma sawa, lakini nikitoka Mambrui kuja Malindi, pale nishavuka daraja la Sabaki nikikanyaga mafuta nipite lori yazubaa kwanza, yajikokota, halafu pa! pa! mpaka abiria washtuka. Plagi nishaweka mpya, filta ya hewa mpya. Fundi asema pampu ya mafuta imekufa ninunue nyengine. Taa ya injini haiwaki. Pampu si pesa kidogo, ni kweli ndiyo yenyewe?

fundi_maweni
Waleykum salaam. Usinunue kitu bado. Hebu tuambie mshindo watokea wapi, mbele kwenye manifodi ya hewa (yale mabomba yaingizayo hewa kwenye injini) ama nyuma kwenye ekzosi? Ikiwa ni mbele mara nyingi petroli yafika chache, hapo ndipo ushuku pampu, filta ya petroli, nozo za kunyunyizia petroli, ama hewa yaingia kwa gasketi ya manifodi. Ikiwa ni nyuma basi petroli yafika na hata yazidi, ila haichomeki ndani, yaenda kulipukia kwenye bomba. Na plagi zitoe uzitazame, ni nyeupe kavu ama zina masizi?

dereva_mambrui
Ni nyuma, na petroli yanuka sana. Plagi zishakuwa nyeusi tititi na ni mpya juzi tu.

fundi_maweni
Basi pampu achana nayo, pampu dhaifu haileti masizi. Injini hiyo yajua hewa inayoingia kwa sensa ya MAP, ile ya kupima presha ya manifodi, yenye kipaipu chembamba cha mpira kutoka manifodi. Mpira ukichanika sensa yadhani umekanyaga mpaka chini, na kompyuta nayo yamwaga petroli. Taa haiwaki kwa sababu umeme wa sensa uko sawa, ni habari tu inayopelekwa ndiyo ya uongo, taa huwaka waya ukikatika. Chukua mita upime waya wa ishara: swichi on injini haijawaka, huku kwetu usawa wa bahari itoe karibu volti 3.6, ukiwasha ikanguruma ishuke kama 1.5. Isiposhuka fuata ule mpira tangu mwanzo mpaka mwisho.

mkaazi_shela
Na chumvi msiisahau jamani, hewa hii yetu yala kila kitu cha shaba. Ngoja usiku, weka gari mahali pa giza, washa ufunue boneti utazame waya za plagi, ukiona cheche za samawati zarukaruka juu ya waya ama kando ya kifuniko cha distributa ujue umeme wavuja kabla haujafika kwenye plagi. Halafu zima, fungua kifuniko, tazama ndani baina ya pini na pini, utafute kijistari cheusi chembamba kama unywele. Ukikiona hicho usikwangue, badilisha kifuniko pamoja na rota, kile kinachozunguka ndani yake. Waya zenyewe za plagi zipime ukinzani moja moja, isiwe hata moja imepita kiloom 25. Ikinguruma tu cheche dhaifu yatosha, ukikanyaga presha ndani ya silinda yapanda na hapo cheche yashindwa kuruka, ndio yakusumbua barabarani si nyumbani.

dereva_mambrui
Wallahi mpira ulikuwa umechanika upande wa manifodi! Nimekata kile kipande kibovu nikarudisha, volti sasa yashuka 1.4. Yavuta vizuri zaidi, lakini nikikanyaga ghafla bado yapiga moja. Kwenye kifuniko kijistari kipo, na pini moja ina kutu ya kijani.

fundi_maweni
Hiyo iliyobaki ni kifuniko basi, na plagi zitoe masizi. Usisubiri mpaka mwisho wa mwezi, ile petroli inayoungulia nyuma yaichoma katalisti, ile ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, ikiyeyuka yaziba ekzosi na gari haitavuta hata ukirekebisha vyengine vyote.