Mount Hood kwa mara ya kwanza: Timberline au Tilly Jane?

Mmarangu_PDX
Wakuu, salaam. Misimu miwili nimeteleza kwa ski kwenye vituo vya lifti. Sasa nataka kupanda Mount Hood, mlima wetu huu wa Oregon, Marekani, kwa miguu yangu, na ngozi za kupandia (zile tepe zinazobandikwa chini ya ski zisirudi nyuma). Nasita kati ya njia ya Timberline, ile inayopita mashariki mwa lifti hadi kibanda cha Silcox Hut, na Tilly Jane upande wa kaskazini. Na kabla hamjanicheka: ndiyo, nimezaliwa Marangu, lakini theluji ya Kibo niliitazama kwa mbali tu.

Mama Nuru
Timberline, mdogo wangu. Gari unaliacha kwenye mita 1,800 hivi, theluji iko mlangoni. Silcox iko kama mita 2,130, na ukichoka hoteli ya Timberline unaiona pale chini. Tilly Jane unaanzia chini sana, kama mita 1,160. Theluji ikiwa haba utazibeba ski mgongoni.

BukavuOregon
Dada, hapo kwenye "unaiona" ndipo penye shida. Ukungu ukishuka huoni hata ncha za ski zako. Hoteli iko kusini, lakini kutoka juu mteremko unakuvuta kulia, magharibi, hadi kwenye majabali ya Mississippi Head na korongo la Zigzag. Wenyeji wamepaita Pembetatu ya Mount Hood. Mimi niliingia huko mwaka juzi nikiwa na hakika kabisa nashuka sawa. Ramani ya simu ndiyo iliyonisuta. Nikabandika ngozi upya, nikapanda nilikotoka, kimya. Tilly Jane angalau unafuata njia ya msituni.

Mama Nuru
Msitu upi? Moto wa 2008 umeacha miti mikavu imesimama kama nguzo. Upepo ukivuma, inaanguka.

BukavuOregon
Hapo umenipata. Siku ya upepo siendi.

Saidi wa Hood River
Mbona hakuna aliyegusa maporomoko ya theluji? Tilly Jane, mpaka kile kibanda chenye paa la umbo la A cha mwaka 1939, mambo ni mapole. Ukipita hapo ni mlima mwingine. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayomomoka zaidi, na kwa macho utaiona ya kawaida tu, kwa hiyo ipime. Soma taarifa ya Northwest Avalanche Center, kituo cha utabiri wa maporomoko ya theluji, asubuhi ileile, ya jana imeshapitwa. Bikoni (kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa), koleo na ufito wa kudunga theluji kumtafuta, kila mtu na vyake. Aliyefukiwa amefukiwa na koleo lake. Na usiende peke yako.

Mmarangu_PDX
Basi nimeamua: Timberline, anga ikiwa safi, mwisho Silcox. Mwelekeo wa kurudi nitauweka kwenye simu kabla sijaondoka maegeshoni. Bikoni nitakodi. Nani yuko huru Jumamosi?

Mama Nuru
Mimi. Saa moja asubuhi, na kibali cha Sno-Park, kile cha kuegesha gari majira ya theluji, kiwe kwenye kioo cha gari. Kinadaiwa Novemba 1 hadi Aprili 30.

BukavuOregon
Ukungu ukiingia, mnigongee simu. Pale napajua sasa.