Gitaa kavu nikilirudisha kwenye ampu linatoka jembamba na lenye mikwaruzo

Mkomani_Lamu:
Salaam aleikum mafundi. Gitaa la umeme limerekodiwa kavu, yaani bila ampu, moja kwa moja kwenye kadi ya sauti. Sasa nalitoa kwenye tundu la laini kwenda ampu ya valvu ya wati 15. Linakwaruza hata geini (kitufe cha kukuza ishara inayoingia) ikiwa 2, na chini yake kuna mvumo. Gitaa lenyewe nikilichomeka kwenye ampu hiyo hiyo, sauti safi. Kosa liko wapi?

Fundi_Malindi:
Waaleikum salaam. Ampu haina kosa, kaka. Tundu la laini hutoa ishara kubwa kuliko pikapu (sumaku za gitaa zinazonasa mlio wa nyuzi), kwa hiyo valvu ya kwanza inalemewa hata kabla hujagusa geini. Weka katikati kisanduku cha riampu, yaani cha kurudisha rekodi kavu kwenye ampu. Transfoma yake inashusha ishara na kutenganisha ethi (waya wa ardhi) ya kadi na ya ampu, maana zikiungana ndipo mvumo unapotokea.

Kiwango usikisie. Waya unaotoka kwenye kisanduku, badala ya kuupeleka kwenye ampu, urudishe kwenye tundu lile lile la gitaa kwenye kadi, geini ikiwa pale pale ilipokuwa siku ya kurekodi. Zima usikilizaji wa njia hiyo, la sivyo sauti itajizunguka na kupiga yowe. Cheza rekodi. Kama kilele kilikuwa -12 na kinachorudi ni -2, umezidisha desibeli 10. Punguza mpaka zilingane, kisha hamishia waya kwenye ampu: itapata volti zile zile za gitaa. Ndiyo maana kitufe cha geini hupigwa picha kila unaporekodi kavu.

Shela:
Asiye na kisanduku anaweza kutumia DI ya transfoma (kisanduku cha kuingiza gitaa kwenye mikisa), ile isiyohitaji umeme, akaigeuza kinyumenyume. Ila ikigeuzwa inapandisha ishara badala ya kuishusha, kwa hiyo teremsha kadi sana. Transfoma ikizidiwa, besi inakuwa tope. Na tafadhali, mtu asikate pini ya ethi kwenye plagi ya ampu ili kuua mvumo. Hiyo inaua watu.

Mkomani_Lamu:
Ahsanteni. Ilikuwa imezidi desibeli 14! Mvumo nao umekwisha. Chumba ni cha nyumba ya mawe, kirefu na chembamba, kuta za chokaa. Maikrofoni niiweke wapi?

Fundi_Malindi:
Sentimita 3 kutoka kitambaa cha spika, pale kofia ya katikati inapokutana na koni. Rekodi ijirudie, wewe sogeza. Kali mno? Isogeze sentimita 2 kuelekea ukingo wa koni kabla ya kugusa trebo. Simamisha godoro la sufi nyuma ya maikrofoni, maana kuta zile zinarudisha kila kitu.

Shela:
Na ukichanganya sauti mpya na ile kavu, zisawazishe kwanza, kwa kuwa ya ampu huchelewa. Sentimita 34 za hewa ni milisekunde 1, na safari ya kadi huongeza. Weka mlio mmoja mfupi mwanzoni mwa rekodi kavu, kisha vuta ile mpya nyuma mpaka milio miwili ikutane. Zikipishana, besi inapotea na unarudi kwenye wembamba ule ule.