Tunataka kupeleka wazazi loji ya kifahari Mara, hiyo pesa yote huenda wapi?

KifunguaMimba_Umoja

Wadau habari zenu. Sisi tuko watatu kwetu, mimi ndio wa kwanza, na mzee wetu anastaafu ualimu mwaka huu. Tumekuwa tukichanga polepole tangu mwaka jana tuwapeleke yeye na mathe Maasai Mara usiku mbili, na hatutaki ile ya kulala watu wanne kwa hema na choo iko mbali, tunataka ile ya kifahari kabisa, hema liko na bafu ndani, chai unaletewa kitandani. Mzee amechorea watoto wa watu simba kwa ubao miaka yote na yeye mwenyewe hajawahi kumuona.

Sasa juzi nikafungua tovuti ya kambi moja nikaona bei ni dola, kwa kila mtu, kwa kila usiku. Nikazima simu nikatoka nje nikapunga hewa. Dadangu anasema hiyo ni ya wazungu, wakenya wako na bei yao. Kakangu mdogo anasema tuwapatie tu hiyo pesa wanunue ng'ombe wa gredi tuache maringo. Na mathe goti linamsumbua, gari ya masaa mengi inammaliza, halafu aliposikia ni hema akasema eti hakuzaa watoto watatu ndio waje wamlaze kwa turubai simba wakizunguka nje.

Mwenye amelala huko ama amefanya kazi huko aniambie ukweli. Unalipia nini haswa, na kuna vile naweza kupunguza gharama bila kuishia kwa vumbi?

Weita_wa_Zamani

Nilifanya Mara miaka kadhaa, kwanza jikoni kuosha sufuria halafu nikapandishwa kuhudumia meza, sasa niko Nairobi na kibanda changu. Wacha nikwambie kitu, ukiona ile bei usifikirie kitanda. Kitanda ni kitanda, hata Umoja kuna vitanda vizuri. Kile unalipia ni nafasi.

Kuna Mara yenyewe ya kaunti ya Narok, na kuna konsavansi zimeizunguka, Mara North, Naboisho, Olare Motorogi, Ol Kinyei na zingine. Hizo ni mashamba ya familia za Wamaasai, wamekodishia makambi na wanalipwa kodi, ng'ombe wao wanalishwa kwa mpango, na mahema yanawekwa machache kwa makusudi. Kwa hivyo kambi ya mahema kumi inabeba kodi ya ardhi kubwa sana, na wafanyakazi wengi kuliko wageni, maana kuna wa jikoni, wa kufua, fundi wa sola, askari wa usiku, madereva. Na kila nyanya unayokula imekuja na gari kutoka Narok ama Nairobi. Ndio hiyo pesa. Faida yake ni kwamba huko mnaruhusiwa kutoka na gari usiku na taa, na kutembea kwa miguu na askari, vitu ambavyo ndani ya Mara yenyewe haviruhusiwi. Na mkipata chui hamtakuta msururu wa matatu kama barabara ya Ronald Ngala hapa Nairobi jioni.

Mathe mwambie hivi. Usiku hakuna kutembea peke yako, ukitaka kwenda kula unamulika tochi, askari anakuja kukuchukua hadi mezani na kukurudisha. Ukishafunga zipu umefunga, usiku usiifungue, basi. Mimi miaka yote nimesikia viboko wakila nyasi karibu na hema mpaka wageni wanafikiri kuna mtu anararua makaratasi, lakini hakuna aliyefunguliwa mlango. Simba naye akinguruma sauti inaweza kufika kilomita 8, kwa hivyo atasikika kama yuko kwa veranda na kumbe yuko huko mbali kabisa. Mweleze mapema, asije akamuamsha mzee saa nane usiku warudi Nairobi.

Mwizi wa kweli huko ni tumbili. Saa kumi na moja na nusu alfajiri unaletewa chai na biskuti, ukiacha hiyo treya nje dakika mbili, umeenda.

Dereva_MaiMahiu

Weita amesema poa. Mimi naendesha watalii, naongezea ya barabara.

Kutoka Nairobi unashuka Mai Mahiu, unapita Narok, unaingia na geti ya Sekenani, hesabu masaa matano ama sita ukisimama chai Narok. Siku hizi ni lami sehemu kubwa sana, si kama zamani tulikuwa tunafika meno yamelegea. Lakini kutoka geti hadi kambini ni murram na mawe, na hiyo ndio itamuuma mama goti. Kama pesa inaruhusu, wapandishe ndege uwanja wa Wilson hapa Nairobi. Ni kama dakika 45 hadi saa moja, inategemea inashuka viwanja vingapi njiani maana hizo ndege ndogo zinaangusha watu kama matatu, Ol Kiombo, Keekorok, Musiara. Mzigo ni kilo 15 kwa mtu na begi iwe laini, sanduku ngumu watakataa. Gari ya kambi inawangoja kiwanjani kabisa, na hapo safari imeanza, unaweza kuona ndovu kabla hujafika kuandikisha jina. Ama mfanye kwenda kwa barabara mzee aone bonde la ufa, kurudi kwa ndege.

Mambo ya bei, dadako yuko sawa. PIGIA KAMBI SIMU, usisome tovuti. Uliza bei ya wakaazi wa Afrika Mashariki, kwa shilingi. Wengi wanayo na hawaiandiki popote. Na wazee wabebe vitambulisho, si picha ya kitambulisho kwa simu, kwa sababu hata getini mkenya analipa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni ambaye ni dola 100 Januari hadi Juni na dola 200 Julai hadi Desemba.

Halafu msiende Agosti. Najua kila mtu anataka kuona nyumbu wakivuka mto Mara, lakini hapo ndio bei iko juu kuliko mwaka mzima, na kule mtoni unaweza kukaa masaa manne kwa jua nyumbu wanaangalia maji na kurudi nyuma. Mwalimu anataka simba. Simba hawahami. Twiga hawahami, ndovu wako. Nenda mwezi wa sita mwanzoni ama Novemba, nyasi ni kijani, vumbi hakuna. Aprili na Mei ni bei ya chini zaidi lakini mvua ikinyesha gari inazama na kambi zingine zinafunga kabisa.

MamaWawili_Kasarani

Wueh, mimi nisaidie mwingine asilie kama nilivyolia. Tulienda na bwanangu, nikalipia kwa ajenti mmoja wa mtandaoni, nilikuta ni rahisi nikafurahi, picha ni bwawa la kuogelea na pundamilia nyuma. Kufika tunaambiwa ile "kila kitu ndani" maanake ni chakula tu. Gari ya kuona wanyama unalipa, maji ya kunywa unalipa, soda moja ilinifanya nikumbuke dukani kwetu. Kambi yenyewe ilikuwa nje ya geti, kwa hivyo kila tukiingia hesabu ya kiingilio inaanza, na tiketi ya Mara siku hizi ni kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, si masaa ishirini na nne kama tulivyodhani. Tulizozana na bwanangu getini mbele ya watu.

Kwa hivyo uliza mambo ukiandikiwa, hata kwa WhatsApp, usikubali ya mdomo. Iko ndani ya Mara, nje, ama konsavansi? Kiingilio kiko ndani ya bei? Kuingia porini mara ngapi kwa siku, na gari ni yetu ama tunapakiwa na wengine? Vinywaji? Na mkilala konsavansi halafu mzee aseme anataka kuona mto, hiyo siku mnalipa na ya Mara pia.

Mengine, wabebe sweta nzito. Watu wanafikiri porini ni joto, ile gari iko wazi na alfajiri ni baridi ya Limuru. Usiku utakuta wamekuwekea chupa ya maji moto kwa kitanda, mimi nilikanyaga nikapiga nduru nikijua ni mnyama, bwanangu amecheka hadi leo. Chupa za maji za plastiki waache nyumbani, ziliharamishwa mbugani tangu Juni 2020. Na mzee asivae ile jaketi ya madoadoa ya kijeshi.

Ng_ombe_Kwanza

Mimi niko na kakako. Nairobi National Park iko hapa, simba wako, vifaru wako, unalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, asubuhi na saa sita umerudi unakula nyama Rongai. Usiku mbili za hema ndio mkose ng'ombe mzima?

Weita_wa_Zamani

@Ng_ombe_Kwanza park ya Nairobi ni nzuri, mimi huenda na watoto, lakini ndovu hakuna, na unamuangalia twiga nyuma yake kuna magorofa. Na huyo mzee amenunua ng'ombe wangapi akauza wote karo? Hiyo moja iacheni.

Kitu kimoja sijasema. Wakenya tukifika huko tunaogopa, tunaongea polepole kama tuko ofisi ya chifu, tunakula zile salata tukiwa na njaa. Mzee aitishe ugali. Jikoni kuna ugali kila siku, ni chakula chetu wafanyakazi, na mpishi akisikia kuna mwalimu mkenya ameitisha ugali na sukuma atapika na furaha. Tipu weka kwa sanduku la pale mapokezi, hiyo inagawiwa hadi wa kuosha sufuria, na dereva mpe yake kando.

KifunguaMimba_Umoja

Asanteni sana. Nimepigia kambi mbili za konsavansi leo chakula cha mchana. Ya kwanza walinitajia dola, nikasema sisi ni wa Umoja, yule dada akacheka akanipa bei ya shilingi, bado inauma lakini sasa inaongeleka. Tutaenda wiki ya kwanza ya Juni, kwenda gari kurudi ndege. Kakangu amekubali kwa sharti kwamba apigiwe simu simba akipatikana.

Mathe amekubali pia. Swali lake ni moja tu, anauliza kama anaweza kubeba majani yake ya chai, hapendi ya kamba.

Weita_wa_Zamani

Abebe. Na awaambie maziwa yachemshwe pamoja, wasimletee kando kwa kikombe kidogo.