Prince of Persia: nimekwama leveli ya 12, nikimpiga kivuli nakufa mimi

mwana_disketi
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaolijua gemu la Prince of Persia la mwanzo kabisa, lile la kumuona jamaa kwa ubavu, sio haya ya siku hizi. Nacheza la DOS (ule mfumo wa zamani wa kompyuta) la 1990 kwenye laptop kupitia DOSBox, programu ya kuendeshea gemu za DOS. Nimefika leveli ya 12, ule mnara, unapanda weee mpaka juu halafu anadondoka yule jamaa kivuli anachomoa upanga. Shida kila nikimchoma uhai unapungua kwangu, nikikaza mpaka afe na mimi nakufa hapohapo, nikimwacha ananichapa yeye. Walinzi wengine wote nawamudu hata yule mnene wa leveli ya 6, ila huyu simwelewi na zile dakika 60 za kumaliza gemu zinayoyoma. Kopi yangu ni mbovu au ndo lilivyo? Na kama ndo lilivyo, kwa nini alifanya hivi aliyelitengeneza?

Kabwela wa Kibodi
Kopi yako nzima mkuu. Usimpige kabisa. Bonyeza mshale wa chini, urudishe upanga kwenye ala, na yeye atarudisha wake. Halafu mfuate tu, mkikutana mnaungana mnakuwa mtu mmoja. Ukishaungana naye kuna pengo pale halina sakafu, wewe kimbia bila kusita, sakafu inajitokeza chini ya miguu unapopita. Kabla ya kuungana ukijaribu pengo hilo unaenda chini moja kwa moja.

bint_sosikodi
Jibu la mkuu hapo juu ni sahihi, mi nijibu hiyo ya kwa nini maana ndo sehemu naipenda kuliko zote kwenye gemu hili.

Kwanza hilo la DOS lilikuja baadaye. Jordan Mechner aliliandika kwa ajili ya Apple II, kompyuta ya nyumbani iliyoingia sokoni 1977, na likatoka 1989 chini ya kampuni ya Brøderbund wakati mashine yenyewe inakaribia kuzikwa. Prosesa inakimbia kama megahezi 1, memori kilobaiti 128. Sasa yeye alitaka mtu atembee kama mtu kweli, kwa hiyo mwaka 1985 alimchukua mdogo wake David, kamvalisha nguo nyeupe, wakaenda kwenye uwanja wa kuegesha magari akamrekodi kwa video anakimbia, anaruka, anadandia. Kisha anasimamisha mkanda kwenye TV, anapiga picha ile skrini fremu kwa fremu, anasafisha filamu, anapaka wino mweusi na ile rangi nyeupe ya kufutia makosa mpaka abaki na umbo tupu, ndo anaingiza kwenye kompyuta. Ndo maana yule kijana ukiachia kitufe hasimami papo hapo, mwili unaserereka kidogo kwanza.

Sasa picha zote hizo zilijaza memori ikafurika. Mwanzoni gemu halikuwa na mapigano kabisa, ni mitego na milango tu, na rafiki yake Tomi Pierce alikuwa anamsisitiza kila siku kwamba linahitaji mapigano. Nafasi ya kuchora adui haipo! Alichofanya ni kuchukua picha zilezile za kijana, akazisogeza pembeni doti moja zikapandana na zenyewe, kisha kompyuta ikaagizwa kwamba vidoti vikifanana zima, vikitofautiana washa. Pale pale akapata mtu wa kumetameta, kama mzimu, bila kuongeza picha hata moja. Kwa hiyo unayepigana naye leveli ya 12 ni wewe kikwelikweli, picha ni zako. Baadaye alibana kodi yake ya programu mpaka akapata nafasi ya kuweka walinzi, lakini kivuli akakibakiza.

mwana_disketi
Daah asante sana dada, nimeelewa. Ila swali dogo, huyu kivuli anatoka wapi kwenye hadithi yenyewe? Maana namkumbuka aliiba chupa ya dawa leveli ya 5 mbele ya macho yangu.

Kabwela wa Kibodi
Leveli ya 4 mkuu, pale kwenye kioo. Kinajitokeza njia ikiwa imezibwa, inabidi uchukue mbio uruke upite katikati yake, na ukipita kuna mtu anatokea upande wa pili na uhai wako unabaki chembe moja. Ndo huyo. Leveli ya 5 anakunywa dawa uliyokuwa unaifuata, ya 6 anakufungia geti unadondoka. Ukiangalia vizuri alishakuonesha mapema kwamba amekutoka wewe, sema mtu una haraka ya dakika 60 huwezi kuwaza hayo.

Mzee Kaseti
Naomba nitofautiane kidogo na dada. Ufinyu wa memori ulimleta kivuli sawa, ila kumfanya asiuawe ni uamuzi wa mtunzi, hakulazimishwa na mashine. Leveli 11 nzima gemu linakufundisha ukiona upanga chomoa upanga, halafu mlangoni mwa mwisho linakutaka uuweke chini, na hakuna maandishi hata mstari mmoja ya kukwambia. Mimi hapo ndo namvulia kofia Mechner.

Kuhusu muda, bonyeza spesi uone dakika zilizobaki. Ctrl na G inahifadhi kuanzia leveli ya 3, lakini inahifadhi na muda uliobaki vilevile, kwa hiyo kama umefika mnarani na dakika 3 bora urudi leveli za nyuma uzipite haraka zaidi.

bint_sosikodi
Nakubaliana nawe mzee, pointi ya maana hiyo.

@mwana_disketi, sosi kodi (maandishi ya programu yenyewe) ya gemu la Apple II ipo wazi tangu 2012, baba yake Mechner aliziona disketi kabatini nyumbani akamtumia. Na kama DOSBox inakusumbua jaribu SDLPoP, toleo la mashabiki la gemu hilihili, ni ya bure na inacheza vilevile kama la DOS. Ukivuka lile pengo usipumzike, mapande ya dari yanadondoka unapokimbia na Jaffar, yule adui mkuu wa gemu, yuko mbele. Saa inasimama ukishamuua.