Tupeane uzoefu: uliyewahi kuokoa nyumba, mlango au kaburi la kale, Bagamoyo na Tanga

Mwana wa Mji Mkongwe
Wakuu, habari za jioni. Juzi tumemaliza kupaka chokaa baraza ya nyumba yetu hapa Mji Mkongwe, Bagamoyo. Majirani wakaleta kahawa na kashata, tukakaa hapohapo hadi usiku. Furaha ile ndiyo imenileta jamvini. Aliyewahi kutunza cha kale, hata kiwe kipande, asimulie.

Nianze mimi. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Marehemu baba alipoona lipu inamomonyoka, akaipiga saruji nje yote. Ikapendeza miaka michache. Kisha ndani kukaanza kutoka chumvi nyeupe, lipu ikavimba na kubanduka. Tukaongeza saruji, ikazidi kuharibika.

Ndipo mzee mmoja, fundi mwashi, alipoweka kiganja ukutani akasema, "Mmeuziba pumzi." Akatueleza: matumbawe yana vitundu, yanafyonza unyevu wa ardhini pamoja na chumvi. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi ikawa inalila jiwe polepole. Tukatindua saruji yote, tukauacha ukuta ukauke kiangazi kizima, chokaa nayo tukailoweka wiki kadhaa kabla ya kuichanganya na mchanga. Ni kazi ya subira, na mafundi wanaoijua wamebaki wachache. Mkiwapata, wapeni vijana wa kuwafuata nyuma.

Jambo moja nawasihi: kabla ya kugusa jengo la kale, piteni ofisi ya Mambo ya Kale. Sheria yake ipo tangu 1964, na ushauri wao umetuepusha na makosa mengi.

Binti Dunda
Hongereni sana, kaka. Kwetu ni mlango wa nakshi. Alikuja mnunuzi na fedha taslimu, wajomba wakaanza kulegea. Bibi akasema, "Maharusi wangu wameingilia hapa, maiti wangu wametokea hapa. Niuze nini?" Basi. Mwaka jana mchwa walipofika kwenye mhimili, tulikata sehemu iliyooza tu, tukaunga mvule. Nakshi hazikuguswa. Kila nikipita nayagusa yale maua ya nakshi, namwombea bibi.

Mtu wa Pwani
Mimi swali. Dari yetu ni ya boriti, mbili zimeliwa. Naweza kuweka nondo na zege?

Mwana wa Mji Mkongwe
Ndugu yangu, usifanye hivyo kabla hujamwonyesha fundi. Zege ni zito na kuta hizo zilijengwa kubeba dari ya miti. Vyumba vyetu vyembamba na virefu vinatokana na urefu wa boriti ya mkoko, yapata mita tatu. Boriti mpya zitafutwe kihalali, mikoko haikatwi bila kibali.

Mdigo wa Tanga
Naleta ya Tongoni, kusini ya mji wetu. Pale pana msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yana nguzo. Tulikwenda kijiji kizima kufyeka. Mimi kwa pupa nikashika mche uliotoka ukutani nikauvuta, jiwe likaja nao. Niliumia moyo. Mzee aliyetuongoza hakunigombeza, alichukua kisu akanionyesha: kata shina karibu na ukuta, mzizi uache ufe wenyewe. Toka siku ile ndiyo kazi yangu, na watoto wa shule wakija nawafundisha hivyohivyo. Mmoja aliniuliza waliolala pale ni kina nani. Nikamwambia ni wazee wetu, tuwasalimie kwanza ndipo tufyeke.

Binti Dunda
Mashaallah. Mtu umri huo akisalimia kaburi, hatalichora jina lake.

Mtu wa Pwani
Kaka wa Mji Mkongwe, mkianza chumba kingine nataka kuja kujifunza kuloweka chokaa.

Mwana wa Mji Mkongwe
Karibu sana. Tunaanza masika yakiisha. Njoo na nguo za mikono mirefu na kitu cha kukinga macho, chokaa mbichi inaunguza.